Papa Aliyebaki Meno

Katika wanyama wawindaji wote waliopata kutawala bahari za kale, megalodoni ndiye aliyeacha ushahidi mwingi kabisa wa kinywa chake na mchache kabisa wa kiwiliwili chake. Meno yake yamechimbuliwa na kuokotwa katika mabara yote isipokuwa Antaktiki, ilhali hakuna binadamu aliyepata kuuona mzoga wake mzima, wala hata fuvu lake moja lililo kamili. Sababu ni ya kimaumbile. Papa, pamoja na jamaa zake taa, hana mfupa. Kiunzi chake ni cha gegedu, yaani ile tishu nyumbufu inayounda masikio na ncha ya pua ya binadamu, nayo gegedu huoza upesi baada ya mnyama kufa, kabla matope ya sakafu ya bahari hayajapata muda wa kuifukia na kuigeuza jiwe. Kinachosalia ni meno, kwa kuwa yamevikwa ganda gumu la aina ya enameli, na mara chache sana pingili za uti wa mgongo, ambazo kwa papa wakubwa huingiwa na chokaa ya kutosha kuzifanya zistahimili. Kwa hiyo historia ya mnyama huyu, aliyeishi tangu miaka ipatayo milioni 20 iliyopita hadi miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita, ni historia ya watu walioshika jino mkononi wakajaribu kuumba samaki kutokana nalo, na kila kizazi kilijiumbia samaki wake.

Jino lenyewe lastahili kutazamwa kwa karibu, maana hoja zote zilizofuata zimetoka humo. Umbo lake ni pembetatu pana, nene, inayojaza kiganja cha mtu mzima na kukipita. Meno makubwa kabisa yaliyopimwa kwa mshazari, kutoka ncha hadi pembe ya mzizi, yamefikia takriban sentimita 18, wakati jino la papa mweupe wa leo ni nadra kupita sentimita 7. Kingo zake mbili zina vijino vidogo vidogo vilivyopangika kwa ulinganifu kama makali ya msumeno, na kidole kikipitishwa juu yake bado hukwaruzwa, ingawa jino limelala ardhini mamilioni ya miaka. Chini ya sehemu ing'aayo kuna mkanda wa rangi iliyokoza wenye umbo la herufi V, na chini ya mkanda huo kuna mzizi mzito, usiong'aa, wenye vinyweleo kama jiwe la matumbawe. Rangi haitokani na papa bali na mahali jino lilipolala: udongo wenye fosfati huyafanya meno kuwa meusi, mwingine huyatia kijivu, na mwingine huyaacha na rangi ya kahawia iliyochanganyika na manjano.

Wingi wa meno hayo nao una maelezo. Meno ya papa hayakupandwa katika mfupa kama ya binadamu, bali yameshikwa na ufizi tu, katika safu zinazosogea mbele polepole, hivi kwamba jino la mbele likivunjika au likichomoka ndani ya windo, la nyuma yake huchukua nafasi. Papa mmoja hudondosha maelfu ya meno katika maisha yake. Mnyama mwenye mifupa humwachia mchimbaji mwili mmoja. Papa humwachia meno ya umri wake wote, yaliyotawanyika popote alipopita.

Watu wa Ulaya waliyajua meno haya muda mrefu kabla hawajajua kuwa ni meno. Waliyaita mawe ya ulimi, kwa kuwa yalifanana na ulimi wa nyoka au wa mtu, na mwandishi wa Kirumi Gaius Plinius Secundus, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba mawe hayo hayazaliwi ardhini bali huanguka kutoka mbinguni wakati wa kupatwa kwa mwezi. Baadaye kisiwa cha Malta, ambacho miamba yake ya chokaa imejaa visukuku vya papa, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, kilipata simulizi yake chenyewe. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia kwamba Mtume Paulo, baada ya kuvunjikiwa na jahazi kisiwani humo, aliumwa na nyoka mkononi asidhurike. Wenyeji wakaongeza kwamba Paulo aliwalaani nyoka wa Malta, na ndimi zao zikawa mawe. Kutokana na simulizi hiyo mawe ya Malta yakawa bidhaa. Yaliuzwa kote Ulaya kama kinga dhidi ya sumu. Wakubwa waliyatundika kwenye mapambo ya fedha mezani, wakayachovya katika divai kabla ya kunywa, na wengine wakayavaa shingoni kama hirizi.

Ni rahisi kuwacheka watu hao, lakini si haki. Mawe ya ulimi yalipatikana ndani ya miamba, mbali na ufuko, na mara nyingi juu ya vilima. Mtu aliyedai kuwa ni meno ya samaki alilazimika kueleza papa alipandaje mlimani na aliingiaje katikati ya mwamba, na maelezo hayo yalidai bahari na nchi kavu ziwe zimebadilishana mahali, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko kuanguka kwa mawe kutoka mbinguni. Hata hivyo walikuwapo waliothubutu. Fabio Colonna, mtaalamu wa mimea kutoka Napoli, alichapisha mwaka 1616 insha iliyoonyesha kwamba mawe hayo ni meno ya papa. Aliyachoma moto akaona kuwa huungua na kuwa makaa kwanza, kama kitu kilichotoka kwenye mwili wa kiumbe, kabla ya kugeuka chokaa. Insha yake haikubadilisha mawazo ya wengi.

Kilichobadilisha ni kichwa cha papa. Mnamo Oktoba 1666 wavuvi walimkamata papa jike mkubwa mno karibu na bandari ya Livorno, katika pwani ya magharibi ya Italia, na habari zilipomfikia Ferdinando II wa ukoo wa Medici, mtawala wa Toscana, aliamuru mnyama huyo apelekwe Florence ili achunguzwe. Kilichofika ni kichwa peke yake. Aliyekabidhiwa alikuwa Niels Stensen, ajulikanaye zaidi kwa jina la Kilatini la Steno, tabibu kutoka Copenhagen mwenye umri wa miaka 28, aliyekuwa amekwisha kujipatia sifa kwa kupasua maiti na kueleza mifereji ya tezi za mate. Steno alipasua kichwa hicho akaandika juu ya ngozi, macho, mishipa na udogo wa ubongo uliomstaajabisha; kisha akafika kwenye meno. Aliona kwamba meno ya safu za ndani yalikuwa laini, yamejificha ufizini, hayajakomaa, na kwamba umbo la yale yaliyokomaa halikutofautiana na la mawe ya ulimi.

Katika ripoti yake ya mwaka 1667 hakutoa hukumu kwa haraka, bali alijenga hoja kama fundi apangaye matofali. Kitu kinachokua ndani ya mwamba, alisema, hulazimika kuusukuma na kuupasua, kama mizizi ya miti inavyopasua kuta, na chenyewe hupindika kwa kubanwa. Lakini mawe ya ulimi yana umbo lile lile popote yanapopatikana, bila kupindika, na miamba iliyoyazunguka haina nyufa. Basi mwamba ulikuwa laini yalipoingia. Ulikuwa tope, na tope lilikuwa chini ya maji. Miaka miwili baadaye, mwaka 1669, aliipanua hoja hiyo katika kitabu kidogo kilichoeleza jinsi tabaka za ardhi zinavyojipanga, la chini likiwa limetangulia na la juu likifuatia, na kanuni hiyo ndiyo msingi wa jiolojia hadi leo. Ni jambo la kustaajabisha kwamba elimu ya umri wa miamba ilianzia kinywani mwa samaki. Mwaka 1670 mchoraji Agostino Scilla wa Sicilia alichapisha kitabu chenye michoro mizuri ya meno hayo na visukuku vingine, akiunga mkono hoja iyo hiyo kwa jicho la msanii. Steno mwenyewe hakuendelea. Alijiunga na Kanisa Katoliki, akawa padri, kisha askofu, akafariki mwaka 1686 akiwa ameiacha jiolojia kwa wengine.

Ingawa Steno alithibitisha kuwa mawe ya ulimi ni meno, swali la ni meno ya nani lilisubiri zaidi ya karne moja na nusu, kwa sababu ilibidi kwanza wataalamu wakubali kwamba kuna spishi, yaani aina za viumbe, zilizokwisha kutoweka kabisa duniani. Louis Agassiz, Mswisi aliyetumia miaka kumi kati ya 1833 na 1843 kuchapisha kazi kubwa juu ya visukuku vya samaki, ndiye aliyempa papa huyo jina la megalodoni, kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya jino kubwa. Jina hilo ni la kweli kuliko alivyodhamiria, maana hakuna kingine cha mnyama huyo kilichokuwa mezani pake. Agassiz alimweka katika jenasi moja na papa mweupe, jenasi ikiwa ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu, kwa kuwa wote wawili wana meno ya pembetatu yenye kingo za msumeno.

Uamuzi huo uliongoza fikra za watu kwa zaidi ya miaka mia, na madhara yake hayajaisha. Ikiwa megalodoni ni ndugu wa papa mweupe, basi inatosha kumchukua papa mweupe na kumkuza, kama fundi cherehani anayeongeza vipimo vya kanzu ya mtoto ili imfae baba yake. Lakini utafiti wa meno ya tabaka za miamba zilizofuatana umeonyesha nasaba nyingine. Megalodoni alitokana na ukoo wa papa waitwao Otodus, ambao mababu wao wa zaidi ya miaka milioni 50 iliyopita walikuwa na meno yasiyo na msumeno, yenye vichomozo viwili vidogo pembeni. Kadiri mamilioni ya miaka yalivyopita, kingo zikapata msumeno, vichomozo vikapungua hadi vikatoweka, na jino likapanuka. Papa mweupe naye alikuja kwa njia nyingine, kutoka jamaa za papa mako, kama vilivyothibitisha visukuku vya Peru vilivyoelezwa mwaka 2012. Msumeno wa mmoja na msumeno wa mwingine ulichongwa mara mbili, na kazi moja ya kukata nyama za wanyama wa baharini.

Jaribio mashuhuri kabisa la kumuumba upya lilifanyika New York mwaka 1909, pale Bashford Dean wa Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la Marekani alipounda taya la plasta na kulipangia meno halisi. Picha iliyopigwa wakati huo, inayoonyesha watu wazima wameketi ndani ya kinywa hicho kwa starehe kama barazani, ilisambaa duniani, na kutokana na taya hilo urefu wa papa ulikadiriwa kufikia takriban mita 30. Kasoro yake ilikuwa ndogo, ya kibinadamu. Dean hakuwa na seti ya meno ya papa mmoja, kwa hiyo alijaza taya kwa meno makubwa yaliyopatikana, wakati kwa papa aliye hai meno ya mbele ndiyo makubwa, na ya pembeni hupungua kadiri yanavyoelekea kwenye kona ya kinywa. Mwaka 1973 John Randall, mtaalamu wa samaki, alionyesha kwamba taya hilo lilizidi kipimo kwa takriban theluthi moja, naye, kwa kulinganisha urefu wa enameli ya jino na urefu wa mwili wa papa weupe wa leo, akampunguza megalodoni hadi mita 13. Mwaka 1996 Michael Gottfried na wenzake wakamrudisha hadi karibu mita 16.

Kwamba tatizo lilikuwa katika kanuni zenyewe, si katika meno, kulidhihirika kwa namna isiyotarajiwa darasani. Victor Perez, mtafiti wa Florida, alikuwa ameandaa somo la kuwafanya wanafunzi wa sekondari wakadirie urefu wa megalodoni kwa kutumia nakala za meno ya papa mmoja, wakifuata kanuni zilizokuwa zikikubalika. Majibu yao yalianzia mita 12 hadi mita 45, na hesabu zao hazikuwa na kosa; kila mmoja alikuwa ameshika jino la sehemu tofauti ya taya lile lile. Perez na wenzake walitunga kanuni nyingine, iliyojumlisha upana wa meno yote badala ya kutegemea urefu wa moja, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba papa wakubwa kabisa huenda walifikia mita 20.

Njia nyingine ya kumpima ilipitia mgongoni. Katika miaka ya 1860, karibu na Antwerp nchini Ubelgiji, zilichimbuliwa pingili zaidi ya mia moja za uti wa mgongo wa papa mmoja, ambazo zimehifadhiwa Brussels katika Taasisi ya Kifalme ya Ubelgiji ya Sayansi Asilia. Pingili ya papa huongezewa duara moja kila mwaka, kama gogo la mti, na mwaka 2021 Kenshu Shimada na wenzake walizipiga picha za eksirei na kuhesabu duara 46. Kutokana na ukubwa wa duara la kwanza walikadiria kwamba papa huyo alizaliwa akiwa na urefu wa mita 2 hivi, yaani mrefu kuliko watu wengi wazima, na wakaeleza ukubwa huo kwa tabia ijulikanayo kwa baadhi ya papa wa leo, ambao watoto wao, wakiwa bado tumboni mwa mama, hujilisha kwa mayai yasiyoanguliwa na pengine kwa ndugu zao.

Ila pingili hizo zilikuwa na fumbo. Kwa kutumia unene wake, na kwa kumchukulia papa mweupe kama kielelezo, papa wa Antwerp alikadiriwa kuwa na urefu wa mita 9.2, lakini pingili zilipopangwa moja baada ya nyingine zilifikia mita 11.1, hata kabla ya kuongeza kichwa na ncha ya mkia. Mgongo hauwezi kuwa mrefu kuliko mwenye mgongo. Mwaka 2024 kundi la watafiti lilitangaza maana ya tofauti hiyo: kwa urefu wake, megalodoni alikuwa na pingili nyembamba kuliko papa mweupe, hivyo mwili wake ulikuwa mwembamba na mrefu zaidi, na ile sura ya pipa lenye mapezi iliyochorwa vitabuni na kuonyeshwa sinema haikuwa yake. Mwaka 2025 Shimada na wenzake walilinganisha uwiano wa kichwa, kiwiliwili na mkia katika spishi zaidi ya 150 za papa walio hai na waliotoweka, wakamkadiria papa wa Antwerp kuwa na mita 16.4, kisha wakazigeukia pingili zilizopatikana Denmark, ambazo kipenyo chake kinafikia sentimita 23, wakakadiria kuwa mwenyewe alikuwa na mita 24.3 na uzito wa tani 94 hivi.

Ili kuona maana ya tarakimu hizo inafaa kumkumbuka potwe, samaki mkubwa kuliko wote walio hai, ambaye watu wa kisiwa cha Mafia humwona kila msimu akipita taratibu na mabaka yake meupe mgongoni. Potwe mkubwa kabisa hukaribia mita 18, lakini kinywa chake ni chujio la dagaa na vijidudu vya majini, na mvuvi aweza kuogelea kando yake bila wasiwasi. Kwa hesabu ya mwaka 2025 megalodoni alimpita potwe kwa mita kadhaa, naye chakula chake kilikuwa nyama. Utafiti wa mwaka 2008 ulikadiria nguvu ya taya lake kuwa kati ya niutoni 108,000 na 182,000, dhidi ya niutoni 18,000 hivi za papa mweupe mkubwa. Mwandishi mwangalifu hana budi kuongeza kwamba makadirio hayo nayo yalimtumia papa mweupe kama kielelezo.

Kuhusu alichokula, ushahidi ni wa moja kwa moja zaidi, kwa kuwa nyangumi wana mifupa na mifupa hutunza makovu. Nchini Peru, ambako jangwa la pwani lilikuwa sakafu ya bahari, watafiti wameeleza mifupa ya nyangumi wadogo wachujaji, wa urefu wa mita chache tu, yenye michirizi iliyoachwa na kingo za msumeno mkubwa; na Marekani limepatikana jino la nyangumi wa ukoo wa wale watoao ambari likiwa na alama za kuumwa, jambo linaloonyesha kuwa papa alimshambulia au alimtafuna nyangumi huyo kichwani. Katika nchi ya Panama, miamba ya Gatun yenye umri wa miaka ipatayo milioni 10 imetoa meno mengi madogo, na mwaka 2010 watafiti walieleza kwamba mahali hapo palikuwa maji ya kina kifupi walimolelewa papa wachanga, mbali na wakubwa ambao wangeweza kuwala.

Bahari hiyo hiyo ya Peru ilikuwa na mwindaji mwingine, na bila kumtaja picha huwa na kasoro. Mwaka 2008, katika jangwa la Ica, lilipatikana fuvu lenye urefu wa mita 3 la nyangumi mwenye meno, ambaye meno yake yalifikia sentimita 36, marefu mara mbili ya jino kubwa la megalodoni. Waliomweleza mwaka 2010 walimwita Leviathan, wakagundua kuwa jina hilo lilikwisha kutumiwa kwa mnyama wa nasaba ya tembo, ndipo wakachukua tahajia ya Kiebrania, Livyatan, pamoja na jina la Herman Melville, mwandishi wa riwaya mashuhuri ya nyangumi. Papa na nyangumi huyo waliishi pamoja miaka ipatayo milioni 9 iliyopita, wakiwinda chakula kilekile. Hakuna kisukuku kinachoonyesha mmoja akimuuma mwingine, na michoro ya mapigano yao inayopendwa sana ni kazi ya wachoraji.

Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba kemia ya enameli, kwa kupima jinsi isotopi za kaboni na oksijeni zilivyoshikana, isotopi zikiwa ni atomi za elementi moja zenye uzito tofauti, inaonyesha mwili wa megalodoni ulikuwa na joto la nyuzi 27 hivi, takriban nyuzi 7 zaidi ya maji yaliyomzunguka. Samaki wengi huwa na baridi ya maji yao. Papa mweupe na mako ni miongoni mwa wachache wanaohifadhi joto la misuli. Joto humpa mwindaji kasi na uwezo wa kuingia bahari baridi, lakini hulipiwa kwa chakula, na mwili wa makumi ya tani ulilipa gharama hiyo bila kupumzika.

Mambo yaliyomwondoa yalikuja pamoja, na si rahisi kuyatenganisha. Katika enzi ya Pliosini, iliyoanza miaka ipatayo milioni 5.3 iliyopita, bahari zilizidi kupoa, kina cha maji kilishuka, maji ya pwani yenye kina kifupi yakapungua, na nyangumi wadogo wachujaji, aliowazoea, wakatoweka aina moja baada ya nyingine. Wakati huohuo papa mweupe alikuwa ameenea. Uchunguzi wa isotopi za zinki uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba papa hao wawili walikuwa wakila katika ngazi moja ya mlolongo wa chakula, na mnyama mdogo hushiba mapema kuliko mkubwa. Muda wa mwisho wake uliwahi kuwekwa kwenye miaka milioni 2.6 iliyopita, hadi mwaka 2019, Robert Boessenecker na wenzake walipopitia upya rekodi za pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, wakayaondoa meno yaliyokuwa yamehamishwa na maji kutoka miamba mikongwe hadi michanga, wakarudisha tarehe hiyo hadi miaka milioni 3.6.

Wapo waliokataa kumzika. Meli ya utafiti ya Kiingereza Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876, ilizoa meno ya megalodoni kutoka vilindi vya Pasifiki, yakiwa yamefunikwa na utando wa manganisi, madini yanayojigandisha polepole juu ya kitu chochote kigumu kilicholala chini. Mwaka 1959 mtafiti Wladimir Tschernezky alipima unene wa utando wa meno mawili, akagawanya kwa kasi aliyodhani, akapata miaka 11,000 hivi kwa moja na 24,000 hivi kwa jingine. Kasi hiyo ilikuwa kubwa mno, kwa kuwa utando wa namna hiyo huongezeka kwa milimita chache tu kwa miaka milioni moja, lakini tarakimu zilikwisha kutoroka, na mwaka 2013 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kiliwaaminisha watazamaji wengi, kwa waigizaji na picha za kubuni, kwamba papa huyo bado yupo.

Hoja inayorudiwa zaidi na wanaomwamini inagusa pwani ya Afrika Mashariki. Silikanti, wanasema, alidhaniwa kuwa ametoweka pamoja na dinosaria, kisha akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, akaonekana Komoro mwaka 1952, na tangu mwaka 2003 amenaswa mara nyingi katika nyavu za Tanzania, hasa Tanga, ambako ametengewa hifadhi ya bahari. Ulinganisho huo haufai. Silikanti ni samaki wa urefu wa mtu, hujificha mchana katika mapango yenye kina kirefu, na hana cha kudondosha. Megalodoni alikuwa mkazi wa maji ya juu, alihitaji nyangumi wa kula, na alimwaga meno kila alikokwenda. Angekuwapo, meno meupe, mapya, yasiyo na utando wala rangi ya udongo, yangekuwa yakinaswa katika majarife kila mwaka, na nyangumi wangekuwa wakiibuka na majeraha yenye upana ambao hakuna papa wa leo awezaye kuutia.

Meno yaliyopo vilindini ni yale ya kale. Mwaka 2022 chombo cha kupiga mbizi kisicho na mtu, kilichokuwa kikichunguza sakafu ya Pasifiki karibu na kisiwa cha Johnston, kilirekodi jino la megalodoni likiwa limesimama mchangani, kwenye kina cha zaidi ya mita 3,000, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa jino lake kuonekana kilindini pale pale lilipolala, badala ya kuzolewa kwa wavu bila kujulikana lilikotoka. Kingo zake za msumeno zilikuwa bado zinaonekana. Mikondo ya bahari ilikuwa imeuzuia mchanga usilifukie, nao utando wa manganisi ulikuwa ukiendelea kuliganda.